Mtoto Aliyekuwa Akimwongoza Bibi Yake

Mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo wa chumba cha macho, na tangu siku hiyo vijana niliowaacha pale wamekuwa wakipita nyumbani kwangu kila alasiri, mmoja mmoja, kuniuliza mambo ambayo nilidhani nimeshawafundisha. Nimechoka kurudia. Nimeona heri niandike, atakayetaka asome, nami nipate kunywa kahawa yangu kabla haijapoa. Habari za vyeo nitaziacha. Nilikuwa na viwili tu, dresa na dresa mkubwa, na tofauti baina yake ilikuwa kofia.

Nilianza kazi hospitali ya Bagamoyo miaka michache kabla ya vita vya Hitla. Dresa wa siku zile alikuwa mfunga vidonda, mchemsha vyombo, mshika taa, na mara nyingine mchimba shimo la takataka. Siku ya kwanza nilikwenda nimepiga pasi kanzu nikitegemea koti jeupe. Nikapewa ufagio. Nilifagia ua mpaka adhuhuri, ndipo akatoka Daktari Menezes, Mgoa mfupi mwenye sauti ya chini, aliyekaa pwani miaka mingi hata Kiswahili chake kikawa kizuri kuliko cha baadhi ya wakubwa wetu.

"Nyoosha mikono," akaniambia.

Nikanyoosha. Akaitazama kama mtu anayenunua samaki.

"Haitetemeki. Kesho njoo chumba cha macho."

Sikutoka tena chumba kile hadi nilipostaafu. Watu wakaniita Idi Macho, na wapo wajukuu wangu wanaodhani hilo ndilo jina la ukoo.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kibano cha kung'olea kope zilizogeukia ndani, tochi, kioo cha kukuzia, mrija wa matone, na sufuria ya kuchemshia iliyopoteza mpini. Kibano kile nilikipenda. Kilikuwa chepesi, na ncha zake zilikutana sawasawa. Ukikiangusha mara moja tu kimekwisha, hakishiki tena kope. Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi wala hakunifundisha kwa vitabu. Neno lake kubwa lilikuwa hili: mgonjwa wa macho usingoje mpaka akae kitini ndipo umtazame. Mtazame anavyopita mlangoni, anavyolitafuta benchi, anavyoupokea mkono wako. Akishakaa, atajikaza akuonyeshe kwamba anaona.

Sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa macho mekundu ya watoto, kope za akina mama, na mtoto wa jicho kwa wazee. Nyinyi mnaujua: lile giza jeupe linaloziba mboni kidogo kidogo. Daktari alikuwa akiupasua mwenyewe, mimi nikimshikia taa.

Sasa nifike kwa Bibi Mize wa Mlingotini, maana naona ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu.

Ilikuwa miaka kadhaa baada ya vita. Bibi Mize alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, umeiva kabisa, na kila Daktari alipomwambia apasuliwe alijibu kwamba macho aliyopewa na Mungu hayatakatwa na kisu cha Mgoa. Alisema hivyo mbele ya Mgoa mwenyewe, na kwa adabu zote. Hata hivyo alikuwa akija kutiwa matone. Matone yale hayakuwa na la kufanya juu ya maradhi yake, naye alijua; nadhani alipenda kuoshwa uso na kuzungumza.

Aliyekuwa akimleta ni mjukuu wake, Zuhura, binti wa miaka kama kumi. Mama yake alifariki Zuhura akiwa mchanga, na bibi ndiye aliyemlea. Baba yake, Shomari, alikuwa mkausha nazi za mbata. Asubuhi moja niliwaona wakiingia, mtoto mbele, bibi nyuma kamshika bega, na nikaona jambo ambalo lilinifanya niweke chini chombo nilichokuwa nacho. Kizingiti cha chumba chetu kilikuwa kimeinuka kidogo. Bibi alikivuka vizuri, kwa kuwa alikizoea. Aliyejikwaa ni mtoto.

"Shikamoo, Bwana Idi," mtoto akasema, akielekea kwenye kabati. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili.

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo hapa kwanza."

"Mimi siumwi. Anayeumwa ni Bibi."

"Najua. Njoo tu."

Nikamkalisha dirishani, nikammulika kwa tochi. Katika mboni zote mbili mlikuwa na ukungu mweupe, wenye vidoa vidoa, kama tui lililoanza kukatika. Nilikuwa nimeona macho ya namna hiyo mara nyingi sana, lakini kila mara yalikuwa katika uso wenye ndevu nyeupe au meno mapengo. Nikageuka nikamwita Daktari.

Daktari alimtazama muda mrefu. Hakuuliza juu ya macho hata kidogo.

"Bibi, huyu mtoto anakunywa maji namna gani?"

Bibi Mize akacheka. "Kama ng'ombe, Daktari! Mimi sioni, lakini nasikia. Kata inagonga mtungi usiku kucha. Na akishakunywa huyo, yuko nje anakojoa, akirudi anakunywa tena. Nikadhani ni jua la kiangazi."

"Na chakula?"

"Anakula kunishinda mimi na baba yake. Lakini nikimshika bega napata mfupa. Nikasema anarefuka."

Daktari akampa mtoto kopo, akamwomba mkojo. Alichukua mkojo kidogo akauchanganya na dawa ya buluu ndani ya kichupa chembamba cha kioo, akaupitisha juu ya taa ya spiriti. Mimi nilikuwa nimeona kipimo kile kikifanywa kwa watu wazima. Buluu ikibaki buluu, hakuna neno. Ikiwa kijani, sukari kidogo. Ile ya Zuhura ilipita kijani na manjano bila kutua, ikawa nyekundu ya udongo, rangi ya chungu kilichochomwa.

Daktari alizima taa. "Ni kisukari, Idi," akaniambia polepole. "Tumebahatika kwamba jicho limesema. Wengi hawaji kwetu mpaka wameshazimia."

Bibi akatuuliza tunanong'ona nini. Daktari akakaa naye benchini, akamweleza bila kuficha. Mwili wa mtoto umeshindwa kuitumia sukari ya chakula. Sukari imejaa katika damu, inamkausha, na ndiyo iliyomtia ukungu machoni. Ipo dawa, inaitwa insulini, hudungwa kila siku. Akiikosa hataishi.

"Kila siku mpaka lini?" bibi akauliza.

"Maisha yake yote."

Bibi Mize hakulia. Alimvuta Zuhura, akamweka baina ya magoti yake kama mtu anayetaka kumsuka nywele, akampapasa uso mzima, paji, mashavu, kidevu. "Kwa hiyo," akamwambia, "ulikuwa unaniongoza na wewe huoni?"

"Naona kidogo, Bibi. Njia naijua."

"Na ukili wa mikeka je? Si unasuka kila siku?"

"Nasuka kwa vidole."

Hivyo ndivyo alivyotuficha sote. Hakukusudia; alidhani watu wote huona hivyo wakikua. Katika chuo cha Kurani alikuwa akisoma kwa moyo sura alizokwisha kuzishika, na alipofunguliwa ukurasa mpya herufi zilimkimbia. Mwalimu wake, Mwalimu Faki, alimwona mvivu, akamchapa.

Insulini hatukuwa nayo. Daktari alipiga simu Dar es Salaam, na kesho yake ikaja kwa lori, vichupa vidogo ndani ya mkebe uliofungwa kitambaa kimajimaji. Tuliiweka katika mtungi mpya wenye mchanga uliolowa, kwenye pembe ya chumba isiyopata jua. Kila asubuhi niliushika ule mtungi kwa kiganja, nione kama bado ni wa baridi, kabla sijavua viatu. Vijana, sasa mna jokofu la mafuta ya taa, lakini nanyi lishikeni.

Zuhura alilazwa. Mimi ndiye niliyemdunga, asubuhi na jioni, kwa bomba la sindano la kioo nililolichemsha mwenyewe. Siku za mwanzo alikuwa mnyonge, hanyanyui kichwa. Kisha ile rangi ya chungu katika kipimo ikaanza kurudi kuwa manjano, siku nyingine kijani. Kiu ikapungua. Asubuhi moja aliniuliza kama kuna mtu anayeweza kumletea ukindu wa kusukia, mikono inamwasha kwa kukaa bure.

Hatari nyingine ilitoka pale tusipoitazamia. Shomari, baba yake, alisikia sokoni kwamba dawa ile hutolewa katika nguruwe. Akaja mbio, kanzu imeloa jasho, akitaka kumchukua binti yake. Hakuwa mtu mkali. Alisimama mlangoni pa wodi, hakuingia.

"Bwana Idi, niambie kweli. Mmemtia nini mtoto wangu?"

Nikamwita Daktari. Yeye alitoa kichupa mtungini, akasoma maandishi. "Hii ni ya ng'ombe," akasema. "Nitaandika nitumiwe ya ng'ombe siku zote. Lakini sitakudanganya, Bwana Shomari. Ya ng'ombe ikikosekana, huenda nikaletewa ile nyingine, na nitakwambia."

Angeweza kusema neno moja tu, ng'ombe, yakaisha. Nilimkasirikia kidogo kwa ule ukweli wake. Shomari alikaa chini sakafuni, akasema hawezi kuamua peke yake, atamwendea Mwalimu Faki.

Walirudi wote wawili alasiri. Mwalimu Faki alikuwa mtu mwembamba, mwenye kuheshimika Mlingotini na nje ya Mlingotini. Aliamkiana na Daktari, akauliza maswali mawili.

"Mtoto yu hai kwa dawa hii?"

"Ndiyo."

"Na bila yake?"

"Atakufa, Mwalimu. Haitachukua siku nyingi."

Mwalimu akamgeukia Shomari. "Basi, baba. Ikiwepo ya ng'ombe, alhamdulillahi. Isipokuwepo, penye dharura Mwenyezi Mungu hakutaka tuangamie. Mwache mtoto adungwe."

Nilidhani ataondoka. Badala yake alikwenda kitandani kwa Zuhura, akachutama mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Zuhura, ni mimi, Mwalimu. Nilikuchapa nikidhani huangalii. Kumbe ulikuwa huoni. Nisamehe, mwanangu."

Mtoto alifikiri. "Nimekusamehe, Mwalimu. Lakini siku ile ya Alhamisi nilisoma sawa, ukanichapa tu."

Mwalimu Faki alifunika uso kwa ncha ya kilemba, na mabega yakamtikisika. Mpaka leo sijui alikuwa akicheka au akilia.

Likabaki swali la nani atamdunga nyumbani. Shomari hushinda kwenye tanuri za mbata, mara yuko Mapinga, mara Saadani. Jirani hakuna aliyekubali kushika sindano. Daktari alianza kusema huenda mtoto akae hospitali mwaka mzima, naye Bibi Mize, aliyekuwa akishinda hapo benchini kila siku, akakohoa.

"Daktari, kile kisu chako bado kipo?"

"Kipo, Bibi."

"Basi nipasue. Nyumbani kwangu pawe na mtu mmoja anayeona."

Alipasuliwa wiki ile ile. Upasuaji ule ulifanywa mgonjwa akiwa macho, jicho limetiwa dawa ya ganzi, amelala chali, vifuko vya mchanga huku na huku kichwani. Nilishika taa. Midomo ya bibi ilikuwa ikienda kwa dua, na kidevu nacho kikitikisika.

"Bibi, tafadhali, usitikise midomo," Daktari akamwambia.

"Haya. Nitasoma moyoni."

Na akasoma moyoni, maana hakusogea hata unywele. Nimeshika taa kwa wanaume waliowahi kupigana vita Burma, hakuna aliyetulia vile.

Siku ya kufungua bandeji, Daktari alimvalisha miwani mizito ya waliotolewa mtoto wa jicho, ile inayoyafanya macho yaonekane makubwa kama ya bundi. Bibi alitazama dirisha. Akatazama mikono yake, akaigeuza, kama ya mtu mwingine. Kisha akaomba aletewe Zuhura.

Nilimleta kwa mkono. Bibi Mize alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, na ile furaha yote ikamtoka usoni.

"Mbona hamkuniambia?" akasema. "Mbona hamkuniambia mtoto amekuwa hivi? Tazama shingo. Tazama mikono."

"Bibi," nikamwambia, "hapo amenenepa."

Ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu siku ile ya kipimo. Zuhura akapapasa mpaka akampata, akamwambia anyamaze, atayaharibu macho mapya.

Mafunzo yakaanza. Nilimfundisha bibi kudunga chungwa: jinsi ya kuvuta dawa mpaka kwenye mstari, kutoa mapovu kwa kugonga kwa kucha, kuingiza sindano bila kuogopa na bila haraka. Machungwa mengi yaliteketea na wodi nzima ikanywa maji yake, isipokuwa Zuhura. Nilimfundisha pia kwamba mtoto akitetemeka, akitoka jasho la baridi na kusema ovyo, ni dawa imezidi, ampe sukari upesi. Na kwamba lazima pindo la kanga ya mtoto liwe na bonge la sukari guru siku zote.

"Ngoja," bibi akasema. "Maradhi yake ni sukari?"

"Ndiyo."

"Na dawa yake ni sukari?"

"Wakati mwingine."

"Nyinyi watu wa hospitali mna kazi," akasema, lakini alilifunga lile bonge katika pindo kwa fundo ambalo hata mimi nisingelifungua.

Ilipofika siku ya kumdunga Zuhura mwenyewe, mkono wa bibi ulitetemeka. Alishusha sindano, akainua, akashusha tena.

"Bibi, dunga tu," Zuhura akasema. "Mimi sioni. Hata ukikosea sitajua."

Bibi alicheka, na katika kicheko kile mkono ukatulia, sindano ikaingia. Nikageuka kwenye kabati nikapanga chupa ambazo zilikuwa zimepangika.

Walirudi Mlingotini na mtungi wao wa mchanga. Kila wiki walikuja kupimwa, na Daktari akawa anangoja. Jicho la mtu mwenye sukari nyingi halipasuliwi kwa pupa. Huchelewa kupona na huoza upesi. Masika yakapita, vuli ikapita. Bibi hakukosa sindano hata moja, na hilo silisemi kwa kumsifu, kipimo chenyewe kilisema. Hatimaye Daktari akaridhika, akalifanya jicho la kulia, na baadaye la kushoto, kwa sindano nyembamba sana, mimi nikishika taa ile ile na pumzi yangu.

Bandeji ilipotoka na miwani ikavaliwa, Zuhura alikaa wima kitandani. Mbele yake alikuwa bibi yake, naye kavaa miwani yake. Macho manne makubwa yakatazamana kwa muda.

"Unaniona?" bibi akauliza.

"Nakuona."

"Nikoje?"

"Umezeeka, Bibi."

"Ni wewe uliyechelewa kunitazama," Bibi Mize akamjibu, akamkumbatia na miwani ikagongana.

Tangu hapo Daktari aliweka sheria chumbani kwetu, nami nimeilinda alipoondoka kurudi kwao. Mtoto yeyote mwenye ukungu machoni, au anayesema vitu vimefifia ghafla, au anayesogeza uso kwenye ubao hali juzi hakuwa hivyo, aulizwe juu ya maji, juu ya mkojo, juu ya kukonda, na apimwe siku hiyo hiyo. Mara nyingi buluu itabaki buluu. Mshukuruni Mungu, oshani kichupa. Msione mmepoteza muda. Na msiwaamini wazazi wanaosema mtoto mkorofi hataki kusoma, mpaka mmemulika mboni zake. Wapo tuliowawahi. Wapo ambao hatukuwawahi pia, na majina yao nayakumbuka zaidi kuliko ya hao wengine.

Bibi Mize alifariki akiwa mtu mzima sana. Zuhura alikuwa ameshajifunza kujidunga zamani, ila bibi alikataa kumwachia, akisema yeye ndiye mwenye kazi ile. Zuhura alihitimu msahafu kwa Mwalimu Faki, akawa msukaji wa mikeka anayejulikana mpaka Dar es Salaam. Jicho la kushoto halikupata kuwa zuri kama la kulia. Maradhi bado anayo, na yatakuwa naye.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja kuchukua dawa. Chumbani mlikuwa na mama kutoka Saadani na binti yake mdogo, kipimo chake kimetoka chekundu muda si mrefu, na mama amekaa ameshika kichwa. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania mguu wa meza, anapiga kelele kila nilipokaribia na bomba. Nilikuwa nimeshajaribu maneno yangu yote ya miaka yote.

Zuhura aliweka kikapu chini. Hakuniuliza kitu. Alitoa bomba lake, akavuta dawa, akapandisha mkono wa gauni, akajidunga mbele ya mtoto huku akimtazama usoni. Kelele zikakoma.

"Unaitwa nani?" akamuuliza.

"Mwanaisha."

"Shika hapa, Mwanaisha," akamwambia, akauchukua ule mkono mdogo na kuuweka juu ya wake, pale alipojidunga. "Bana kidogo. Hivyo hivyo. Sasa mpe Bwana Idi mkono wako, nami nitakushikia."

Mtoto akanyoosha mkono.